Majirani wachache wasaini ombi la barabara, bili tubebeshwe mtaa mzima? (Minnesota)

Wakuu, nimevurugwa. Mlio na nyumba huku Minnesota someni mpaka mwisho, na mlio mbioni kununua ndiyo kabisa.

Mtaa wetu una lami kuukuu, pembeni majani tu, hakuna kingo za zege wala mitaro. Siyo barabara ya kujivunia, ila gari linapita. Kuna watu wakazungusha ombi jiji lije kuweka lami mpya, kingo na mifereji. Kwangu hawakubisha hodi, na wala hawakuwa na haja. Sura ya 429 ya sheria za jimbo inataka saini za wenye asilimia 35 tu, na hiyo 35 si ya vichwa vya watu! Inahesabiwa kwa futi za kiwanja zinazopakana na barabara. Kuna bwana ana nyumba nne za kupangisha zimefuatana, mwenyewe haishi hapa. Kasaini yeye, kasaini wa kwenye kona na mwenzake, kwisha habari. Sisi tuliobaki ni wengi kuwazidi, lakini viwanja vyetu vyembamba.

Mtasema si kuna baraza la jiji? Haya sikilizeni. Bila ombi, mradi unahitaji kura nne kwa kila wajumbe watano. Ombi likitimia, wingi wa kawaida unatosha. Kwetu zimepita tatu kwa mbili. Yaani bila zile saini mradi ungekufa palepale.

Sasa bahasha imefika, nyembamba, utadhani tangazo la bima. Ndani: anwani yangu, futi 75, tozo ya dola 9,300. Nilipe yote ndani ya siku 30 tangu baraza lipitishe nisitozwe riba, au ziingizwe kwenye kodi ya nyumba kwa miaka 15 na riba juu. Deni linaing'ang'ania nyumba yenyewe, usidhani utahama ulikimbie.

Kwenye kikao cha mradi tulipewa dakika tatu tatu, mhandisi anachezea simu. Mzee mmoja akauliza: "Nyumba yangu itapanda bei kwa hizo 9,300?" Kimya. Na ndilo swali lenyewe, maana tozo hairuhusiwi kuzidi thamani ambayo mradi unaongeza kwenye kiwanja chako. Wao wamechukua gharama, wakagawa kwa futi, wakaenda kula chakula cha mchana.

Halafu ule mtego uliopo chini ya barua, kwa herufi za sisimizi. Pingamizi lazima liwe la maandishi, lenye saini, limfikie karani wa jiji kabla ya kikao cha tozo (kingine hiki, cha kupitisha hizi bili) au akabidhiwe mwenyekiti palepale kikaoni. Ukibwata kwa mdomo tu mpaka koo likauke, mahakamani huna kesi. Ukiandika, una siku 30 tangu tozo ipitishwe kukata rufaa mahakama ya wilaya. Jirani yangu bibi wa miaka 70 na ushee alikuwa anajiandaa kwenda kuongea tu. Nimemwandikia yake jana, na nimemwambia aulize kama jiji letu linaahirishia tozo wenye miaka 65 na kuendelea wasio na uwezo.

Kikao cha tozo ni wiki ijayo. Aliyewahi kufika mahakamani na hii kitu aniambie mthamini wa kupima kama nyumba imepanda bei alimchaji shilingi ngapi, yaani dola, na kama jiji lilikubali kushusha kabla ya kesi kusikilizwa. Wale wa "lami ni maendeleo mkuu" piteni kimya kimya, au nichangieni.