Naomba ushauri: katuni ya kuwakutanisha wahusika wa zamani

Wakuu, habari za leo. Niko Ngarenaro, Arusha. Naandaa katuni fupi inayowakutanisha Tom na Jerry wa 1940, Scooby-Doo wa 1969 na Fred Flintstone ndani ya kifodi (daladala ndogo) kimoja cha Kijenge, kwa kuwaiga kiutani. Fred anasukuma gari kwa miguu yake, halafu konda bado anamdai nauli! Kipande hicho nakipenda kuliko vyote.

Kinachonitatiza ni hakimiliki. Mickey Mouse yule wa 1928 yuko huru Marekani tangu 2024, ila hawa bado wana wenyewe. Nikibadilisha majina na sura, nikabakiza vituko tu, inatosha? Au nianzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania? Mwenye uzoefu wa kazi za katuni anielekeze tafadhali, kabla sijaanza kurekodi sauti.