Gereji za "kuongeza nguvu" Mbeya: mmenifungia ekzosi na bomba la hewa, pistoni imepasuka, na masega yangu sijui yako wapi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki nzima nimejizuia, leo nimeshindwa. Mezani mbele yangu kuna pistoni. Ni ya silinda namba nne ya Subaru Impreza WRX yangu ya turbo, ile GDA yenye injini ya EJ205. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka kipande kama ukucha wa kidole gumba, na pale kilipomegukia chuma bado kinang'aa. Gari hii nimeitumia miaka miwili tangu ishuke bandarini, sijawahi kufungua kitu zaidi ya oili, plagi na filta. Imelala siku mbili kwenye gereji moja ya hapa mjini. Wiki tatu baadaye imekufa.

Jina la gereji silitaji. Wenyewe wanajijua.

Nilipeleka mafla. Basi. Ya nyuma ilikuwa imeoza, nikataka ibadilishwe. Fundi akazunguka gari, akafungua boneti, akaanza maneno yake: "Bosi, hii gari wameibana kiwandani. Iachie ipumue. Hapa kwetu hewa nyepesi, usipoifungua hutaifaidi." Akaniahidi farasi 40 za nyongeza kwenye zile 250 za Japani. Alizipima na nini? Hana mashine ya kupimia nguvu, hana kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, hana hata geji ya msukumo wa turbo. Ana grinda na mashine ya kuchomelea.

Na uongo wake ulinishika kwa sababu nusu yake ni kweli. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa hapa ni kama sehemu tano kati ya sita za ule wa Dar. Gari isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake ikifika huku. Mwenye Altezza aliyepanda nayo kutoka Dar anajua ninachosema, anaona gari imekuwa nzito ghafla. Lakini hakuna bomba linaloongeza hewa angani. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa kwenye injini, ndiyo inayofidia, na ndiyo sababu nilinunua gari ya turbo kuja kuishi nayo huku juu.

Sasa sikilizeni walichofanya. Wakatoa boksi la filta ya hewa la kiwandani, lile lenye mdomo wa kuvuta hewa baridi ya mbele, wakaweka filta ya koni iliyo wazi katikati ya joto la injini. Wakaweka bomba la aluminiamu linalong'aa, pana kuliko la kiwandani. Bomba halikuwa na nafasi ya sensa ya hewa, wakalitoboa kwa drili, wakaibandika sensa kwa silikoni nyekundu. Nilipokuja kulifungua mwenyewe baadaye, vinyweleo vya chuma vya drili vilikuwa bado vimening'inia kwenye tundu, kwa ndani, upande ambao hewa inapita kwenda kwenye turbo. Hata kupitisha msasa imewashinda. Kisha wakakata masega, kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, wakapitisha bomba tupu la inchi tatu kuanzia chini ya turbo hadi nyuma. Juu yake wakaongeza ile valvu ya kupiga "pshuu" ukibadilisha gia, inayomwaga nje hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu na imeshaitolea mafuta. Jumla shilingi 1,850,000.

Kompyuta ya gari hawakuigusa. Hasira yangu yote iko hapo.

Gari hizi zinapima hewa kwa sensa iliyo ndani ya bomba la kuingizia hewa. Sensa haioni hewa yote, inaona kipande kidogo kinachopita karibu yake, halafu kompyuta inapiga hesabu ya hewa nzima kwa kuamini kwamba bomba ni lile lile la kiwandani. Ukipanua kipenyo kwa asilimia 10 tu, njia ya hewa imepanuka kwa asilimia 21. Hewa ile ile sasa inapita polepole mbele ya sensa, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inamwaga petroli kidogo. Injini ya turbo ikikandamizwa bila petroli ya kutosha, joto linapanda ndani ya silinda na mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Na kumbukeni, gari hizi zilipangwa kule Japani kwa petroli ya oktani ya karibu 100, hii tunayojaza vituoni kwetu haifiki huko. Nafasi ya kukosea ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Halafu kuna ekzosi. Sikatai, kwenye gari ya turbo kufungua ekzosi kunaleta nguvu kweli, na bomba lile linaloshuka kutoka kwenye turbo ndilo lenye faida kuliko yote. Lakini moshi ukitoka kwa urahisi, turbo inazunguka zaidi, na kile kimlango kinachopunguza msukumo ni kidogo, hakiwahi. Msukumo unapanda kupita kiwango. Kwa baridi yetu hii, hewa ikiwa nzito asubuhi, ndiyo unapanda zaidi.

Mtaniuliza, mbona ulitembea nayo wiki tatu? Kwa sababu mjini, ukienda polepole Mafiati hadi Soweto, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaisaidia kompyuta kusahihisha kosa. Unaona gari safi, inanguruma, vijana wa bodaboda wanageuka kuangalia. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza ile sensa na inaiamini ya hewa peke yake. Gari ilianza kunikatikia pale nikikanyaga, kama mtu kazima swichi na kuwasha. Huo ni ulinzi wa kiwandani unakata mafuta kwa sababu msukumo umezidi! Nikampigia fundi. Akajibu: "Inajizoesha bosi, itakaa sawa." Gari inajizoesha? Nilimwamini kwa sababu nilimlipa ili ajue kuliko mimi.

Ikaja alfajiri ya Julai, natoka na shemeji yangu kwenda Chunya kwenye msiba. Mnaijua barabara ile inavyopanda Kawetere. Ukungu, baridi ya kukata masikio, gia ya tatu, nimekanyaga. Nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la maziwa. Shemeji akaniuliza, "Ni nini hicho?" Kabla sijamjibu gari ikapoteza nguvu, ikaanza kutetemeka, nyuma moshi wa bluu umefunika barabara. Tulisimama kwenye ukingo saa mbili kasoro asubuhi, na mazishi yalikuwa saa nne. Shemeji alipanda Noah iliyokuwa inapita. Mimi nilibaki na gari. Hatukumzika marehemu pamoja. Hilo hakuna gereji itakayonirudishia.

Fundi mwingine, mzee anayefanya kazi taratibu, ndiye aliyefungua. Alipima mgandamizo wa silinda zote kwanza, tatu ziko vizuri, ya nne karibu hakuna kitu. Akanikabidhi pistoni mkononi bila kusema neno, akaenda kunawa.

Na masega? Niliyauliza siku ile ile ya kuchukua gari. "Yalikuwa yameziba bosi, tumetupa." Mliyapima na kifaa gani? Kujua kama masega yameziba unafungua sensa ya oksijeni, unaweka geji, unasoma mgandamizo. Hakuna aliyefanya hivyo. Kila mtu anajua ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kila mtu anajua kuna watu wanapita gereji kwa gereji wakiyanunua. Hakuna anayetupa masega. Mmenitoza pesa ya kuyatoa, halafu mkayauza. Huo ni wizi, nautaja kwa jina lake.

Vijana mnaotaka kufungua gari zenu, fanyeni. Mimi bado naipenda sauti ya Subaru, ule mngurumo unaotokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Lakini anzeni na afya ya injini, mgandamizo na plagi. Filta nzuri ya bapa ndani ya boksi lile lile la kiwandani inatosha kabisa kwa gari ya barabarani. Mafla ya nyuma badilisha upendavyo, madhara yake ni kelele tu. Ila siku unapotaka kugusa bomba la hewa lenye sensa, au bomba la chini ya turbo, muulize fundi swali moja: kompyuta ataipanga nani, na atapima mchanganyiko kwa kifaa gani? Akianza kucheka au kukwambia itajizoesha, ondoa gari yako hapo hapo. Hata kama ni usiku. Hata kama ameshafungua boneti.

Naomba mwenye kumfahamu mtu wa kuaminika wa kupanga kompyuta za Subaru, awe Mbeya, Iringa, Makambako au hata Dar, aniandikie. Sihitaji wa kunitafutia injini, hiyo mzee ameshaanza kuishughulikia.

Na ninyi wa gereji, Jumamosi saa tatu asubuhi nakuja. Bomba lenu na koni yenu nimevifunga kwenye kiroba, pistoni nitaishika mkononi. Nataka shilingi 1,850,000 na masega yangu. Mkisema tena mliyatupa, mnionyeshe jalala.