Baiskeli ya haibridi, Tengeru hadi Arusha mjini, bajeti laki tatu na nusu: niangalie nini?

njia_ya_Tengeru

Wakuu, habari za leo. Nahitaji baiskeli ya kwenda kazini siku tano kwa wiki, kutoka Tengeru hadi karibu na Mnara wa Saa. Ni kama kilomita 13 kwenda na 13 kurudi. Sehemu kubwa ni lami ya njia nne, ila kutoka nyumbani hadi barabarani kuna kilomita moja na nusu ya vumbi na mawe, na masika inageuka tope. Nabeba kompyuta na chakula, jumla kilo 8 hivi. Urefu wangu ni sentimita 172, uzito kilo 74.

Bajeti ni 350,000, kwa hiyo nawaza mtumba wa haibridi, ile iliyo kati ya baiskeli ya mbio na ya milimani. Sitaki ya mbio, na sitaki ya milimani yenye matairi ya meno. Nikifika kwa muuzaji nianze kuangalia wapi, na kitu gani kikiwa kibovu niondoke bila hata kuuliza bei?

spoku36

Karibu mkuu. Kabla ya rangi na idadi ya gia, inama usome namba ubavuni mwa tairi. Haibridi nyingi zina kitu kama 37-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Hiyo ya pili ndiyo itakayokupa raha au taabu miaka yote utakayokuwa na hiyo baiskeli.

Sababu ni hii. Tairi la Phoenix la inchi 28, lile la 28 x 1 1/2, ni 635. Haibridi nayo mara nyingi huandikwa 28, au 700C, lakini ni 622. Tofauti ni milimita 13, na halitakaa hata fundi avute vipi: litalegea na kutoka kwenye rimu. Baiskeli za mjini za kutoka Japani nazo huandikwa 26, kumbe nyingi ni 590, wakati 26 ya baiskeli za milimani ni 559. Kwa hiyo dukani usitaje "ishirini na nane" wala "ishirini na sita". Taja namba ya mwisho, au beba tairi la zamani.

Habari njema ni kwamba rimu ya 29 ya baiskeli za milimani ni hiyo hiyo 622. Tyubu nyembamba ya 29 itakuvusha ndani ya tairi la milimita 40. Itie upepo kidogo kabla ya kuipachika isije ikajikunja. Tairi lenyewe la 29 ni jambo jingine, huwa pana mno kupita kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na fremu ya haibridi.

Kwa njia yako chukua upana wa 37 hadi 40, wenye mistari midogo, siyo meno. Kisha pitisha kidole kati ya tairi na fremu, nyuma na mbele. Kama kidole hakipiti, madigadi hayataenea, na tope la masika litajaa hapo hadi gurudumu ligome kuzunguka. Kwa uzito wako na mzigo, jaza nyuma karibu psi 60 (kipimo cha upepo kwenye pampu) na mbele 50. Ukiendesha na upepo mdogo, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo usitafute mwiba, tafuta pampu.

Angalia na vali pia. Ile nene kama ya pikipiki inajazwa kwenye gereji yoyote ya bodaboda. Ile nyembamba yenye kinati kidogo juu inahitaji adapta, na adapta ikae kwenye begi, siyo nyumbani. Vali nene haipiti kwenye tundu la rimu lililotobolewa kwa vali nyembamba, kwa sababu tundu moja ni milimita 8.5 na jingine 6.5.

mpanda_kilima

Nakubaliana na spoku36 kuhusu namba. Mimi niongeze upande wa njia. Asubuhi kwa jumla unapanda (mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Tengeru iko chini zaidi) na jioni unateremka. Kwa hiyo gia ndogo ni za asubuhi na breki ni za jioni, na usikubali kukosa hata kimoja.

Hesabu meno, ni kazi ya dakika mbili. Haibridi ya kawaida ina spoketi tatu mbele, kwa mfano 48, 38 na 28, na saba nyuma kuanzia 14 hadi 28. Ukiweka 28 mbele na 28 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja, unasogea kama mita 2.2. Hiyo inapanda na mzigo bila kuumiza magoti. Ukiweka 48 na 14 unasogea kama mita 7.4, inatosha mno kwa mteremko. Kama spoketi ndogo ya mbele ina meno 38 na kubwa ya nyuma ina 24, iache.

Utakutana pia na zenye gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Usizidharau. Vumbi na tope haviingii ndani kirahisi, na cheni yake haihamishwi kwa hiyo hudumu. Ila gia ya kwanza ya habu ya Shimano ya gia tatu inapunguza hadi 0.73 tu, yaani spoketi ya nyuma ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 0.73. Dawa yake ni kubadili spoketi ya nyuma, toka meno 18 kwenda 22: gia zote tatu zinashuka kwa pamoja. Utapoteza mwendo kidogo kwenye mteremko, na kwa safari yako si hasara.

breki_kwanza

Mkuu, kwa bajeti hiyo usichukue mtumba wenye breki za diski za mafuta. Mafuta yakiwa yamevuja au hewa imeingia, utahitaji kifaa cha kutoa hewa na mafuta ya aina ile ile. Kuna mfumo unaotumia mafuta ya madini na mwingine unaotumia ya breki za gari, na ukichanganya raba za ndani zinavimba na kuharibika. Diski za waya sawa. Breki za mikono miwili zinazobana rimu ni bora zaidi kwako, maana waya na raba zake hata fundi wa chini ya mti anazo.

Breki za rimu zina sharti moja: pitisha ukucha kwenye uso wa rimu pale raba inapogusa. Ukikuta pamechimbika kama bakuli, rimu imekwisha, siku moja itapasuka kwa presha ya tairi. Rimu nyingi zina kitundu kidogo au mstari wa alama. Alama ikifutika, hapo ndipo mwisho.

Na foku yenye shokapu? Kwenye haibridi za bei ya chini ni uzito wa bure. Ikikaa na vumbi inaganda, unabaki na chuma kizito kisichocheza. Foku ngumu ya chuma na tairi la milimita 40 vitakutendea wema zaidi kwenye ile kilomita na nusu.

njia_ya_Tengeru

Asanteni sana wakuu. Nimepata mbili. Ya kwanza ina diski za mafuta na shokapu, inang'aa. Ya pili ni ya chuma, 37-622, breki za rimu, gia 21, rimu hazijachimbika. Lakini gurudumu la nyuma linayumba, na nguzo ya kiti imegoma kabisa kupanda wala kushuka. Muuzaji anasema hiyo ya kiti ni kitu kidogo.

spoku36

Ya kwanza iache kwa sababu alizotoa breki_kwanza. Ya pili tuiangalie vizuri.

Gurudumu: igeuze baiskeli, zungusha, tazama umbali kati ya rimu na raba ya breki. Ikiyumba kushoto na kulia milimita 3 au 4 fundi ataivuta kwa spoku. Ikiruka juu na chini sehemu moja, rimu imebonyea, hiyo hainyooki vizuri tena. Kisha tazama ekseli. Gurudumu likiwa limetolewa, zungusha ekseli kwa vidole: ncha yake ikiyumba, ekseli imepinda. Gia saba zinazofungwa kwenye habu kwa kuzungushwa kama nati zinaacha upande wa kulia wa ekseli bila beringi karibu, ndiyo maana mizigo na mashimo huipinda hapo. Ekseli inabadilishwa, lakini ipunguze kwenye bei.

Cheni: chukua rula ya shule. Pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 256 imekwisha, na spoketi za nyuma huenda zimekwisha nayo, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyolika inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Hesabu vyote viwili.

Nguzo ya kiti siyo kitu kidogo. Alumini ndani ya fremu ya chuma hushikana kwa kutu, na wakati mwingine hukatwa kwa msumeno. Pima mguu wako ukiwa peku, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, uzidishe kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unakupa 70.6, huo ndio umbali hadi juu ya kiti kutoka katikati ya ekseli ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali. Kiti kilichogoma kikiwa tofauti na hapo kwa sentimita 2 au zaidi, mwambie muuzaji akitoe yeye kwanza. Akishindwa, ondoka. Usilipe ukidhani utakitoa nyumbani.

Na usimalize bajeti yote pale. Kati ya 350,000, elfu 80 zibaki mfukoni kwa cheni, spoketi, raba za breki, waya na taa.

mpanda_kilima

Kabla ya kulipa kagua na fremu: chini ya shingo pale bomba mbili zinapokutana. Rangi iliyojikunja au mstari mwembamba wa kutu ni dalili ya ufa au ajali. Pia tazama kutoka nyuma kile kimkono kinachohamisha cheni. Kama kimeinama kuelekea spoku, usiijaribu kwenye spoketi kubwa ya nyuma, kitaingia kwenye gurudumu na kung'oa kila kitu.

njia_ya_Tengeru

Kiti kimetoka, muuzaji alikimwagia mafuta kikalala usiku mzima. Ekseli iko sawa, cheni ilipima 257. Ameshusha bei, nimebakiwa na elfu 90. Niipeleke kwa fundi nimwambie nini?

spoku36

Safi sana. Mwambie afungue habu zote mbili, aoshe kwa mafuta ya taa, aweke gololi mpya na grisi mpya. Mbele kwa kawaida ni gololi 10 kila upande za inchi 3/16, nyuma 9 kila upande za inchi 1/4. Asichanganye za zamani na mpya, kubwa ndizo zitabeba mzigo wote. Nguzo ya kiti ipakwe grisi kabla ya kurudi ndani. Cheni na spoketi mpya kwa pamoja. Kataa oili chafu ya injini kwenye cheni, inashika vumbi na kusaga pini. Oili ya cherehani, tone moja kila pini, subiri dakika 10, futa yote ya nje kwa kitambaa. Wakati wa masika rudia kila wiki.

Baada ya wiki ya kwanza, yaani kilomita 130, irudishe akaze nati za mikono ya pedali na avute spoku za nyuma mara ya pili. Mkono wa pedali ukilegea na ukaendelea kuuendesha, tundu lake la pembe nne linapanuka na halikazi tena.