Msaada: kwa nini uzi mmoja wa DNA unanakiliwa vipandevipande?

Mwanagenzi: Wakuu, heshima kwenu. Nina mtihani wa baiolojia wiki ijayo na nimekwama. Muundo naujua: nyuzi mbili zilizosokotana, herufi A hukaa na T, G na C. Najua pia DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa inafika kama mita 2, ndiyo maana inazungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Shida ni inavyojinakili. Kimeng'enya helikasi kinatenganisha nyuzi, halafu mmoja unanakiliwa mfululizo, wa pili kwa vipande vya Okazaki. Kwa nini? Nimekariri tu, swali likigeuzwa nimekwisha.

Kalamu Nyekundu: Acha kukariri, chukua mkasi. Kata karatasi mbili nyembamba, zilaze sambamba. Ya juu andika 3′ kushoto na 5′ kulia (ndiyo majina ya ncha mbili za uzi), ya chini kinyume chake. Zitenganishe kuanzia kushoto. Mkono wako ndio helikasi. Kalamu ni polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, na ina sharti moja: husoma uzi wa zamani kutoka 3′ kwenda 5′ tu. Karatasi ya juu, kalamu inaufuata mkono bila shida. Ya chini, inaupa mkono mgongo! Mkono ukifungua zaidi, kalamu inabidi iinuke, irudi karibu na mkono, ianze upya. Hapo umepata kipande cha Okazaki. Kimeng'enya ligasi kinakuja kuviunga vipande hivyo.

Mzee wa Maabara: Naongezea: kila kipande huanza na kianzio kifupi cha RNA (ndugu ya DNA) kinachowekwa na kimeng'enya primasi, maana polimerasi haiwezi kuanzia patupu. Wengi husahau hapa, maksi zinapotea.

Swali Gumu: Mbona usumbufu wote huu? Si kungekuwa tu na polimerasi ya kwenda upande wa pili?

Mzee wa Maabara: Umeuliza la maana, mkuu. Nukleotidi mpya, yaani herufi ya kuongeza kwenye uzi, huja na fosfati tatu, na nishati ya kujiunga inatoka humo. Polimerasi ikikosea hukata herufi mbovu na kuweka nyingine, ambayo nayo inakuja na nishati yake. Uzi ungekua kwa upande ule mwingine, nishati ingekaa kwenye ncha ya uzi wenyewe. Ukikata kosa, umekata na nishati, kazi imesimama.

Bado Nipo: Nimevuta kiti.

Mwanagenzi: Nimekata karatasi, imeingia! Ila nimeona jambo: karatasi ya chini, mwisho kabisa kulia, kianzio cha RNA kikiondolewa hakuna wa kuziba pengo. Si DNA itakuwa inafupika kila seli ikigawanyika?

Kalamu Nyekundu: Inafupika kweli. Ndiyo sababu ncha za kromosomu zetu zina telomia, TTAGGG inayojirudia mara nyingi mno, ili kinacholika kisiwe jeni. Waliogundua jinsi telomia na telomerasi (kimeng'enya kinachozirefusha) zinavyozilinda ncha hizo walipata Nobel mwaka 2009. Ila hilo lifungulie uzi wake, huu usije nao ukakatika vipande.