Siku moja Colonia del Sacramento: nianzie wapi?

Mtoto wa Ujiji:
Shikamooni wakubwa. Niko masomoni Buenos Aires. Jumamosi kundi letu la wanafunzi linavuka kwenda Colonia del Sacramento, Uruguay, na kurudi jioni. Wenzangu wanawaza picha tu. Mimi nataka kuuelewa mji. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma:
Marahaba mwanangu. Nilifika huko enzi za masomo, sasa nafundisha historia hapa Kigoma. Safari ya boti huchukua saa moja na ushee. Beba pasipoti, unavuka mpaka.

Ingilia lango la Portón de Campo, la 1745, kisha mtaa wa Calle de los Suspiros. Hapo inama utazame: mawe yameinamia katikati ili maji ya mvua yapite katikati ya njia. Ndivyo walivyojenga Wareno, walioanzisha mji 1680. Mitaa ya Wahispania, mifereji iko pembeni. Ukitazama chini tu unajua uko kwa nani!

Na hili usilipite: Wareno waliwapitisha hapo Waafrika watumwa kwa magendo hadi makoloni ya Hispania. Sisi tuliokulia chini ya miembe ya Ujiji, kwenye njia ya misafara, habari hizo zinatuhusu. Mwongozaji asipozitaja, zitaje wewe.

Kijana wa Tabora:
Mwalimu kamaliza. Panda na mnara wa taa wa 1857, umesimama kwenye magofu ya nyumba ya watawa. Viatu bapa, ndugu yangu, mawe yale hayana huruma.

Mtoto wa Ujiji:
Ahsanteni sana. Mwalimu, la watumwa nitaliuliza mbele ya wote.