Nyumba za hifadhi Mombasa: kabla hatujachanga

Kutoka Leicester

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa. Huku tuko 12, tayari kuchangia makao ya ndugu zetu transi (wanaoishi jinsia tofauti na waliyoandikishwa walipozaliwa), na wengine wasiofuata desturi za kiume na kike, waliofukuzwa makwao hapo Mombasa. Tumefikiria nyumba moja ya vyumba vitano yenye geti. Mlioko huko mwasemaje?

Kutoka Mombasa

Waleikum salaam, marahaba. Hiyo nyumba kubwa iacheni. Watu wanane wasio wa ukoo mmoja, wanaingia na kutoka saa zote: siku ya tatu washaulizwa barazani. Na kukiharibika, wote wanane hawana pa kulala usiku huohuo. Kodini ndogo tatu, mitaa mbalimbali, kila moja watu wawili au watatu, kwenye ploti za ghorofa ambako wapangaji huhamahama. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi ni rahisi, lakini choo na bafu ni vya wote, na maneno huanzia hapo. Choo kiwe cha ndani, hata mkiongeza hela.

Kabla ya depositi ulizeni maji. Mfereji hukauka siku kadhaa, na maji ya visima vingi yana chumvi. Watu watatu wakibana sana wanataka mitungi sita ya lita 20 kwa siku. Kuna tangi? Umeme wa pampu analipa nani? Ploti isiyo na tangi, mwenye mkokoteni atakuwa mlangoni kila asubuhi, na kwa wiki moja atakuwa anawajua wote kwa sura.

Mkataba uwe kwa jina la mtu mmoja mwenye kazi inayoeleweka, na kifungu kinachoruhusu wengine kuishi humo. Kodi ya mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye nyumba atoe notisi isiyopungua mwezi. Lipeni ushuru wa stempu: asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa mkataba usiozidi miaka 3. Wengi huruka hapa, kisha kufuli ikibadilishwa wanakimbilia mahakamani na karatasi isiyopokelewa kama ushahidi. Baraza la kodi za nyumba, linalosikiliza kesi za wapangaji, msilitegemee. Sheria yake inalinda nyumba za kodi isiyozidi Sh 2,500 kwa mwezi, na ya bei hiyo sijui utaipata wapi.

Jambo dogo linaloumbua watu: M-Pesa. Laini husajiliwa kwa jina la kitambulisho. Dada transi akituma kodi, mwenye nyumba anasoma jina la kiume kwenye ujumbe, na jioni msimamizi wa ploti anabisha. Kodi na tokeni za stima zitoke namba moja, ya aliyeandika mkataba. Jina hubadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) inayotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ndipo kitambulisho kipya kinaombwa, lakini nyumba haiwezi kungoja hayo.

Kutoka Hamburg

Kaka wa Leicester, msipokee michango kwenye akaunti ya mtu binafsi. Benki ikiona fedha za watu 12 zinaingia na kwenda Kenya kila mwezi, itauliza, na pengine itaifunga akaunti, kodi ikiwa njiani. Sajilini chama; huku kwetu Ujerumani kinahitaji watu 7. Upande wa Mombasa, kikundi cha jamii kinataka wanachama wasiopungua 10, na akaunti yake iwe na saini mbili.

Hesabu iwe hivi. Tuseme kodi ni Sh 15,000: mwezi wa kwanza 15,000, depositi 15,000, akiba ya miezi mitatu 45,000. Ni 75,000 kwa nyumba, 225,000 kwa tatu, kabla ya godoro na mtungi wa gesi. Asiingie mtu kabla ya akiba hiyo kukamilika. Michango hupungua mwezi wa nne, mkitaka msitake.

Kutoka Mombasa

Dada wa Hamburg, ongeza fungu la kuondokea: depositi na kodi ya kwanza ya chumba atakachohamia mkaazi. Bila hilo, miezi mitatu mliyompa ya kukaa inakuwa mwaka, na aliyefukuzwa jana hana nafasi. Na picha za shukrani kwa wafadhili zisionyeshe geti, dirisha wala namba ya mita.