Naomba ushauri: gereji ya All the President's Men imekuwa giza totoro

Wadau, habari zenu. Nina diski ya Blu-ray ya filamu All the President's Men (1976), ile ya waandishi wa habari na kashfa ya Watergate. Ofisi ya gazeti inaonekana safi kabisa, hata makaratasi ya meza za nyuma. Shida ni gereji ya kuegesha magari, pale mwandishi anapokutana usiku na mtoa siri wake, Deep Throat. Najua mpiga picha wa filamu hiyo, Gordon Willis, alilitaka giza lile, na ndiyo raha yake, ila kwangu Deep Throat kabaki moto wa sigara tu; koti na ukuta vimeungana, na weusi una vibokisi vinavyochezacheza.

Runinga ni LED, deki imeungwa kwa HDMI. Nianze na mwangaza, gama (mwanga wa sehemu za kati, kati ya nyeusi na nyeupe), au kiwango cha weusi kwenye deki? Na kipunguza chenga nikizime? Naona kinalainisha nyuso kama plastiki. Msiniambie ninunue runinga mpya, mfuko hauruhusu.